UZI: Mbona wabeba boksi wote Marekani tunakimbilia unesi, na usafi wa meno hakuna anayeugusa?

#1 Mkokotoni_Boy
Salaam wakuu.

Niko Columbus, Ohio. Kila Mtanzania, Mkenya au Mkongo ninayekutana naye hapa ni nesi, au anasomea unesi, au ni CNA (msaidizi wa nesi) anayehangaikia nafasi ya kusomea unesi. Sina ugomvi nao, hata shemeji yangu yumo. Ila wiki iliyopita nilienda kusafishwa meno, na binti aliyenisafisha akawa muongeaji. Kasoma chuo cha jamii hukuhuku, anafanya kazi siku nne kwa wiki, usiku analala kwake, na sikukuu zote anakula kwao.

Nikafungua takwimu za kazi za serikali. Mwaka 2024 mshahara wa kati wa haijinisti wa meno (dental hygienist, yule mtaalamu anayesafisha meno) ulikuwa dola 94,260 kwa mwaka. Nesi aliyesajiliwa, dola 93,600. Nikadhani nimesoma vibaya, nikarudia. Ndivyo ilivyo.

Sasa mbona sisi hatumo? Tumefichwa, tumeogopa, au kuna shimo mimi sijaliona? Kadi ya kijani ninayo, kazi yangu ni ghala la vifurushi na mgongo umeanza kunidai. Naomba majibu kabla sijajitosa.

#2 Shabiki_wa_Togwa
Umeenda kusafishwa meno bila jino kuuma? Wewe ushakuwa Mmarekani, usituulize sisi.

#3 Dada_wa_Zamu
Jibu ni karatasi, kaka. Tusizunguke.

Mimi nilikuja na viza ya mwanafunzi. Wizara ya Kazi ya Marekani ina orodha inaitwa Schedule A, humo wamo manesi na wataalamu wa fiziotherapia. Mwajiri akimtaka mtu wa fani hizo, halazimiki kwanza kutangaza kazi na kuthibitisha kwamba amemkosa Mmarekani. Haijinisti hayumo. Akimaliza chuo anapata ile OPT (ruhusa ya mwanafunzi wa nje kufanya kazi) ya miezi 12, na kwa kuwa fani yake haihesabiwi kwenye sayansi na teknolojia, nyongeza ya miezi 24 haimhusu. Viza ya kazi ya H-1B nayo inataka kazi ambayo kuingia kwake kwa kawaida ni kwa digrii ya miaka minne. Hii watu wanaingia na digrii ya miaka miwili, kwa hiyo maombi yanakwama.

Mtu ambaye kwao wameuza shamba ili aje huku, unadhani atachagua ipi?

Wewe mwenye kadi hayo hayakuhusu. Lakini waliotutangulia ndio waliofyeka njia, na waliifyeka kuelekea hospitali.

#4 Nyeri_to_Dallas
Naunga mkono dada hapo juu lakini nusu tu. Mimi nina uraia kitambo, na bado sikuenda huko. Sababu yangu ni saa.

Unesi unaweza kupata chuo cha jioni na wikiendi. Ukishakuwa CNA unafanya zamu ya usiku, asubuhi uko darasani, unasinzia lakini rent inalipwa. Hii ya meno nilienda kuuliza hapa Texas, wakaniambia ni mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, darasa na kliniki, na wakanishauri nisifanye kazi kabisa. Nisifanye kazi! Mtu ako na watoto na wazazi wanangoja M-Pesa. Nikamshukuru yule mama wa ofisini nikaenda zangu.

#5 Shabiki_wa_Togwa
Kwa hiyo #3 karatasi, #4 rent. Ngoja waje wa kusema ni uchawi.

#6 Lushoto_Kwetu
Nyie mnazunguka. Sababu ni kwamba kazi hii kwetu haipo. Mtoto wa Lushoto anajua daktari, nesi, mwalimu, mwanajeshi. Haijinisti hajawahi kumuona, ataotaje kuwa mmoja? Nyumbani ukienda kwa meno unakutana na mtu mmoja tu, na anakukuta ushafika na jino la kung'oa.

#7 GegoLaMwisho
Nimekuwa nikisoma kimyakimya lakini huu uzi ni wangu. Mimi ni haijinisti, Mtanzania, niko Minnesota.

Kwanza mleta uzi asidanganyike na "miaka miwili". Hiyo ni programu yenyewe. Kabla yake unatakiwa uwe umemaliza masomo ya awali: anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, kemia, saikolojia, uandishi, na vyuo vingine takwimu. Kwa mtu anayefanya kazi hayo peke yake ni mwaka, mara nyingi zaidi. Ndipo unaomba. Na kuomba si kupata. Vyuo vingi vinakupa pointi: A ya anatomia ina uzito wake, ukirudia somo unapunguziwa. Darasa zima linaweza kuwa watu ishirini na kitu.

Nafasi ni chache kwa sababu CODA, chombo kinachoidhinisha programu hizi, kinataka kliniki iwe na mwalimu mmoja kwa wanafunzi wasiozidi watano. Darasa la unesi unaweza kuwajaza ukumbini. Huku kila mwanafunzi anahitaji kiti cha mgonjwa, mashine ya kunyonya mate na mwalimu wa kumkagua jino baada ya jino.

Pili, fani yenyewe. Watu wanadhani ni kupiga mswaki. Muhula wa kwanza humgusi mtu, unapewa taya la plastiki na mkoba wa vifaa ambao unaweza kupita dola 3,000, na unaulipa wewe. Humo kuna vyuma vinaitwa Gracey. Namba 1/2 ni ya meno ya mbele, 11/12 ni ya upande wa gego unaotazama mbele, 13/14 ni ya upande unaotazama nyuma. Kwa macho vyote vinafanana. Unakishika kama kalamu, kidole cha pete unakiegemeza kwenye jino la jirani ili mkono usiteleze, unaingiza ubapa wake chini ya fizi ukiwa umelala, halafu ndani kule unauinamisha mpaka ukingo ung'ate ugaga (uchafu uliogandamana na jino). Yote hayo huoni kitu, unasikiliza kwa ncha za vidole. Jino safi linateleza, ugaga unakwaruza kidogo sana. Kuna wenzangu waliacha hapo hapo, na darasani walikuwa wanapata A tupu.

Mengine nitarudi, nina mgonjwa.

#8 Mkokotoni_Boy
Shukrani sana dada Gego. Usipotee.

#9 Kisumu_Calculus
@Lushoto_Kwetu hapo kwa "kazi haipo kwetu" unakosea kidogo. Kenya KMTC (chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba) wana diploma ya afya ya kinywa ya jamii, miaka mitatu. Hao maafisa wanasafisha meno, wanaziba, wanang'oa, wanaenda shule kufunza watoto. Binamu yangu ni mmoja. Kwa hiyo kazi ipo, ni vile tu imechanganywa na nyingine.

#10 Tabibu_wa_Zahanati
Na Tanzania vilevile. Stashahada ya utabibu wa meno ni miaka mitatu, tunaitwa matabibu wa meno. Mimi niko wilayani, siku ya mnada napokea watu mpaka benchi linajaa. Kusafisha nakujua, vifaa ninavyo. Ila mgonjwa mwenyewe hataki. Ukimwambia "ung'oaji tumeahirisha, kwanza tusafishe fizi", anakuona unamzungusha. Amepanda bodaboda kutoka mbali aje aondolewe jino, anataka arudi nalo mkononi.

Kwa hiyo mimi nasema: kazi ipo, mtaalamu yupo, anayekosekana ni mteja. Mtoto haoni watu wakienda kusafishwa, ndiyo maana haoti. Hapo nakubaliana na #6 kwa mlango wa nyuma.

#11 Lushoto_Kwetu
Asante tabibu, umeniokoa.

#12 Ndugu_Uvira
Bandugu, aksanti kwa uzi. Mimi niko Boise, Idaho. Natoka Uvira, tulipita kambini Nyarugusu kabla ya kufika huku.

Ile sababu ya karatasi ya dada #3 kwetu haisimami. Sisi wakimbizi tunakuja na ruhusa ya kufanya kazi siku ya kwanza, mwaka mmoja ukiisha tunaomba kadi ya kijani. Schedule A hatuijui hata jina. Na bado nihesabie Wakongo wanaosoma mambo ya meno hapa: sijaona hata mmoja. Kwa hiyo kuna kitu kingine.

Mimi naona hivi. Ukifika, mtu wa shirika anakutafutia kazi ya haraka: hoteli, kiwanda cha nyama, usafi. Mwenye Kiingereza kidogo anapelekwa CNA kwa sababu mafunzo ni wiki chache. Akishaingia hospitali anaona nesi kila siku, anatamani kuwa kama yule nesi. Hakuna ngazi ya namna hiyo inayoanzia kwenye kliniki ya meno. Hakuna aliyetufungulia mlango huo tuone ndani kuna nini.

#13 Dada_wa_Zamu
@Ndugu_Uvira nimekusoma, hoja nzito. Lakini nyinyi mkifika mnakuta sisi tushajenga mtaa wa manesi. Nani atakuelekeza kwenye meno, wakati kila unayemuuliza kanisani ni nesi?

#14 Ndugu_Uvira
Basi kosa ni la kanisa 😂

#15 Binti_Sahare
Mimi niko mwaka wa pili wa hiyo programu, na ninachotaka kuwaambia hakijasemwa: WAGONJWA UNATAFUTA MWENYEWE.

Chuo kina kliniki, wananchi wanakuja kwa bei ndogo, lakini kila mwanafunzi ana orodha ya aina za wagonjwa anaotakiwa kuwamaliza. Mtoto, mzee, mwenye kisukari, mwenye ugaga mwepesi, wa kati, mzito. Huyo wa ugaga mzito ndiye lulu. Wamarekani wenye bima wanasafishwa kila miezi sita, utaupata wapi ugaga? Wenzangu wazungu walikuwa wanahaha kwa mashangazi zao.

Mimi? Nilienda kwenye harusi ya Watanzania. Watu wanacheza, mimi naangalia vinywa. Mjomba mmoja akicheka, nikaona nyuma ya meno ya chini ya mbele kuna ukuta wa njano umeunganisha meno manne. Nikamfuata kwenye foleni ya pilau nikamwamkia vizuri, nikamwambia mjomba naomba uje chuoni kwangu. Akadhani namwalika kwenye mahafali. Alivyojua ni nini akanuna kidogo, ila alikuja. Akakaa kitini karibu masaa manne, kwa sababu mwanafunzi anakaguliwa kila hatua: unapima fizi, mwalimu anakuja, unasafisha robo ya mdomo, mwalimu anakuja, akikuta punje imebaki anaiandika na unarudia. Ule ukuta ulipobanduka alijilamba nyuma ya meno akasema anahisi kuna upepo. Sasa ananiletea wazee wenzake, na darasani wananiona nina bahati.

Kwa hiyo jamii yetu ni mtaji ambao haujatumika.

#16 Shabiki_wa_Togwa
Kuanzia leo harusini nacheka na mdomo umefungwa.

#17 Babu_wa_Meru
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Naomba nichepushe uzi. Mimi meno yangu ya kahawia toka utotoni, nimezaliwa Arumeru. Mtoto wangu yuko Denver, kanipeleka nilipomtembelea, yule msafishaji akasugua wee, hakikutoka kitu. Nikaona ananitazama kama vile sijawahi kupiga mswaki maishani.

#18 Kijana_wa_Sokoni
Babu sugua na mkaa na limao. Wiki tu.

#19 GegoLaMwisho
Nimerudi. @Kijana_wa_Sokoni tafadhali! Babu usifanye hivyo, limao na mkaa vitakula ganda la jino na rangi itabaki pale pale.

Shikamoo babu. Hiyo si uchafu. Ni floraidi ya maji. Maji ya Arusha, Meru na sehemu za Kilimanjaro yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4 kwa sababu kupata maji ya chini ya hapo ukanda ule ilikuwa shida. Mtoto anapokunywa maji hayo wakati meno ya kudumu yanaumbika ndani ya taya, rangi inaingia kwenye ganda lenyewe. Ngurdoto kuna kituo cha kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, nadhani unakifahamu. Sasa meno yakishaota, chuma cha kuondolea ugaga hakina la kufanya hapo. Daktari wa meno anaweza kupunguza rangi kwa njia nyingine.

Na hapa ndipo ninapotaka tuongeze watu wetu kwenye hii fani. Darasani tulifundishwa floraidi kwa upande wa kuzuia kutoboka, maana sehemu nyingi za Marekani wanaitia kwenye maji. Picha ya meno kama ya babu ilikuwa moja kwenye slaidi, ikapita. Mimi nilikulia Usa River, niliiona kwa kila mtu niliyesoma naye.

#20 Babu_wa_Meru
Ubarikiwe binti. Nitamwonyesha mwanangu hii.

#21 Daktari_Bila_Kiti
Nina kesi tofauti. Mimi ni daktari wa meno, nilisoma Muhimbili miaka mitano na mwaka wa mafunzo kwa vitendo juu yake. Nikaoa, nikaja Marekani. Huku shahada yangu peke yake hainipi leseni ya udaktari. Njia ya kawaida ni kufanya INBDE, mtihani wa taifa wa udaktari wa meno, kisha kuomba kuingia chuo cha udaktari wa meno kwa miaka miwili au mitatu, na ada yake ni ya kununulia nyumba.

Kumbe Florida ina mlango wa pembeni. Mhitimu wa udaktari wa meno wa nje anaweza kukubaliwa kufanya mitihani ya leseni ya uhaijinisti bila kusoma upya hiyo programu. Nimepita huko. Nasafisha meno, namuona mgonjwa ana jino la kuziba, mkono unawasha, namwita daktari. Mwanzoni iliniuma, sasa nimezoea.

Onyo: leseni hiyo usidhani inahamishika. Majimbo mengi yanataka uwe umehitimu programu iliyoidhinishwa na CODA.

#22 Kijana_wa_Sokoni
Na Uingereza ni rahisi zaidi, daktari wa meno wa nje anajiandikisha kama haijinisti kwa kupeleka vyeti tu. Jirani yangu kafanya.

#23 Mama_Coventry
@Kijana_wa_Sokoni jirani yako atakuwa alifanya zamani. Mlango huo ulifungwa Machi 2023. Tangu hapo GDC, baraza linalosajili watu wa meno huku, hawamruhusu daktari wa meno aliyesomea nje kujisajili kama haijinisti au tabibu wa meno kwa cheti chake cha udaktari. Tafadhali msipeleke watu kwa mawakala na taarifa za zamani, wanalizwa.

Huku kozi mara nyingi ni digrii ya miaka mitatu, usafi na tiba ya meno pamoja, kwa hiyo ukimaliza unaziba pia na kung'oa meno ya utotoni. Na tangu Mei 2013 mgonjwa anaweza kuja kwako moja kwa moja bila kupitia kwa daktari. Vijana wetu wa Coventry na Leicester hawajai huko pia. Nao wana uraia, wanaongea Kiingereza kuliko mimi mama yao, na Schedule A ni mambo ya Marekani. Sababu za #3 zinanipita kando.

Kwa maoni yangu ni heshima. Binti yangu alilitaja, baba yake akasema "Yaani tumekusomesha ukapige watu mswaki?" Akaenda famasia. Mzazi wa Kiswahili anataka neno moja la kumwambia shangazi kwenye simu. Nesi, anaelewa. Daktari, anapiga vigelegele. Haijinisti, anauliza "ndiyo nini hiyo?"

#24 Kisumu_Calculus
Mama Coventry hapo umeua kabisa.

#25 Nyeri_to_Dallas
Heshima hailipi rent mama. Wazazi wetu walikubali tukasafishe wazee nyumba za wazee na hawakusema kitu, bora Western Union iingie. Mimi bado nasimama kwa saa za masomo.

#26 Mzee_wa_Historia
Kidogo tu. Hii kazi iliundwa na jeshi la Marekani wakati wa vita ya kwanza, ndiyo maana ina nidhamu ya ajabu.

#27 GegoLaMwisho
Hapana mzee wangu. Ilianzia kwa daktari wa meno mmoja, Alfred Fones, mjini Bridgeport, Connecticut. Mwaka 1906 alianza kumfundisha msaidizi wake, Irene Newman, ambaye alikuwa binamu yake, asafishe meno ya wagonjwa. Shule ya kwanza aliifungua 1913, na wahitimu wakapelekwa kwenye shule za watoto mjini humo. Newman akapata leseni ya kwanza 1917.

Na mleta uzi wa Ohio atacheka: Cincinnati walijaribu mapema zaidi, 1910, kozi ya manesi wa meno. Madaktari wa jimbo wakaipinga mpaka ikafungwa.

#28 Mzee_wa_Historia
Nimesahihishwa na mjukuu. Haya.

#29 Chuma_Mkononi
Mnaongea mazuri tu. Mimi mke wangu mzungu ni haijinisti, acha niwape na upande wa pili.

Shingo. Mkono. Mgongo. Anainama kwenye midomo ya watu wanane kwa siku, kichwa upande, kiganja kinafanya kile kile. Kuna miwani ya kukuza wanavaa ili wasiiname, inasaidia, ila haimalizi. Usiku anaweka barafu kwenye kifundo cha mkono. Mleta uzi anakimbia ghala kwa sababu ya mgongo, nataka ajue anakoenda.

Pili, hizo dola 94,260 ni za anayefanya wiki nzima. Kazi nyingi za fani hii ni za siku chache, ofisi moja Jumatatu, nyingine Alhamisi. Bima ya afya ni bahati. Mgonjwa asipotokea, kuna ofisi zinakuambia nenda nyumbani, hiyo saa hulipwi. Nesi hospitali kubwa ana bima, pensheni, na akitaka pesa anaongeza zamu. Haijinisti ataongeza zamu gani, kliniki zinafungwa saa kumi na moja?

Kwa hiyo labda watu wetu si wajinga. Walipiga hesabu.

#30 Dada_wa_Zamu
Ahsante kaka! Na kuna kupanda. Nesi anasoma mtandaoni anapata digrii ya pili, anakuwa nesi mtaalamu anaandika dawa. Haijinisti akimaliza anapanda wapi?

#31 GegoLaMwisho
@Chuma_Mkononi mke wako hajadanganya. Mimi naenda mazoezi ya mgongo na natafuta ofisi zenye bima, zipo. Mishahara nayo imepanda kwa sababu ofisi zinatafuta watu.

@Dada_wa_Zamu kupanda kupo, ila ni kwembamba. Digrii ya miaka minne unaimalizia mtandaoni kama nyinyi, inakufungulia ualimu na afya ya jamii. Minnesota tangu 2009 sheria inaruhusu tabibu wa meno, anaziba na kung'oa baadhi ya meno, na wapo mahaijinisti waliosoma zaidi wakafika huko. Colorado haijinisti anaweza kufungua ofisi yake mwenyewe. Kwa wingi hamtufikii, hilo halina ubishi.

#32 Lushoto_Kwetu
Tusisahau pia wanaume. Nimeona zaidi ya asilimia 90 ya mahaijinisti Marekani ni wanawake. Mleta uzi ni mwanaume. Unesi ulishazoeleka kwa wanaume wetu, huku bado.

#33 Binti_Sahare
Darasani kwetu mwanaume yuko mmoja, na wazee wa Kiislamu wa mtaani wanamgombania yeye. Tena ana mikono mikubwa, akishika 13/14 huoni chuma. Anapita mitihani kutuzidi.

#34 Kijana_wa_Sokoni
Alabama unasomea kazini, huhitaji chuo. Hili nina uhakika nalo.

#35 Daktari_Bila_Kiti
Leo umepatia 😄. Alabama ina utaratibu wa kumfundisha msaidizi ndani ya ofisi ya daktari wa meno, na masomo ya darasani pembeni. Ila leseni yake ukivuka mpaka wa jimbo ni karatasi tu, kwa sababu ile ile niliyosema #21.

#36 Mkokotoni_Boy
Wakuu nimewasoma wote. Hesabu za Chuma_Mkononi zimenitisha, za Binti_Sahare zimenichekesha. Nimeongea na chuo kimoja hapa, kikao cha maelezo ni mwezi ujao, naenda.

Maswali mawili. Nilisoma biolojia na kemia chuo cha Tanzania kabla sijaja, je yanahesabika? Na mtihani wa mwisho ukoje, bado mtu anakwenda na mgonjwa wake?

#37 GegoLaMwisho
La kwanza: peleka vyeti vikatathminiwe na kampuni ya tathmini wanayoikubali chuo, uliza kwanza ni ipi usilipe mara mbili. Ila jiandae kurudia, maana vyuo vingi vinataka anatomia na mikrobiolojia yasiwe yamepitwa na miaka mitano au saba. Wengine hawajali. Kiulize hicho hicho chuo, usiniamini mimi wala jukwaa.

La pili: mitihani ni miwili. Wa taifa, NBDHE, maswali 350 kwa kompyuta, siku nzima. Halafu wa vitendo. Zamani ulikuwa unakwenda na mgonjwa wako, na asipoamka asubuhi hiyo umekwisha. Baada ya korona ukaja wa taya bandia, na majimbo mengi sasa yanaukubali. Ugaga wake ni wa kiwandani, mgumu kama saruji.

#38 Nyeri_to_Dallas
Mkokotoni, na rent?

#39 Mkokotoni_Boy
Shemeji nesi amesema atanibeba miaka miwili. Kwa sharti kwamba meno yake yote na ya mama yake nitasafisha bure.

#40 Dada_wa_Zamu
Unaona? Unesi ndio unaokulipia ada. Nimeshinda.

#41 Ndugu_Uvira
Hapana, hiyo ni ile ngazi niliyosema #12, sasa ndiyo imeanza kujengwa. @Mkokotoni_Boy ukitoka kwenye hicho kikao weka hapa wanataka pointi ngapi, nina mdogo wangu anamaliza sekondari mwezi wa tano.